Springi Nene ya Shemeji

Leo shemeji Elia, mdogo wa mume wangu, kaniamkia!

Jana alitia springi nene kwenye shokapu ya bodaboda yake.
Mimi fundi nikamwonya: "Springi ikikandamizwa inatanuka, itanasa kwenye hilo kopo linaloifunika. Nikuchongee kopo pana zaidi."

Akacheka mbele ya kijiwe kizima. "Mbona imeingia vizuri? Wewe rudi jikoni."

Imeingia, ndiyo, kabla ya mzigo!

Nikamwacha apande milimani Vudee, ashuke na magunia ya tangawizi.

Leo karudi kashika kiuno. Springi imenasa, na kila jiwe la njiani limemfikia mgongoni.

"Shikamoo, shemeji."

Tangu niolewe sijawahi kuisikia kwake.

Nikaendelea kukaza nati zangu.
Marahaba yake ninayo. Nimpe kesho, au wiki ijayo? Semeni.