Kidonge katika Kopo la Vifungo

Nianze na mkono, maana habari hii yote ni ya mkono. Ulikuwa mkono wa kulia wa fundi mmoja wa nguo, tuliyemwita Milimita, kwa sababu ukimwambia, "Fundi, hapo palegeze kidogo," atakuuliza, "Kidogo milimita ngapi?" Miaka thelathini alikata makoti kwa mkono huo. Kisha ukaanza kutetemeka ukiwa umepumzika, mguu ukawa mzito, na sahihi yake ikasinyaa hadi ikawa kama mstari wa sisimizi. Kliniki wakaupa ugonjwa jina: Parkinson. Wakampa vidonge, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, nusu saa kabla ya kula.

"Usiruke, usirundike," daktari alimwambia, "na usiache ghafla."

Dawa ilimkubali. Akimeza, baada ya muda mkono unatulia. Saa za kidonge kingine zikikaribia, unarudia ukorofi wake. Sasa hapo, jamani, ndipo ufundi wenyewe ulipomponza.

Fundi mwenye kazi nyingi hushona siku zote, ila kazi ya kukata huitengea siku yake. Kwa Milimita ilikuwa Alhamisi. Akajiuliza: mkono mzuri wa Jumatatu wa nini, siku ya kutia vifungo na kukunja pindo? Akaanza kuhamisha vidonge. Cha Jumatatu jioni, cha Jumanne jioni na cha Jumatano mchana akavitia kwenye kopo la vifungo. Alhamisi anameza viwiliviwili.

Mkewe alihesabu vidonge kila mwisho wa mwezi na hakuona kasoro. Idadi ilitimia. Siku ndizo zilizovurugwa.

"Mbona kila Jumatano unatembea kama umefungwa kamba?" alimuuliza.

"Uchovu tu, bibie."

"Uchovu gani huo unaojua kalenda?"

Akacheka, akaomba uzi mweusi.

Mwezi huo shemeji yake, kaka wa mkewe, alileta kitambaa cha koti la kumwozeshea binti. Kipande hicho kilikuwa cha mwisho dukani.

"Shemeji, ukikiharibu naenda harusini na bitana tupu."

"Bora. Tumbo hilo nalo lipate hewa."

Alhamisi akameza viwili asubuhi, chaki ikapita imenyooka. Mchana akameza viwili tena. Mgongo wa koti akaukata vizuri. Alipofika kifuani, bega likainuka lenyewe, shingo ikajipinda, miguu ikaanza kucheza chini ya meza. Kutetemeka alikuzoea, lakini huku kulikuwa kugeni: mwili ulikwenda huku na huku kama unavutwa na mtu. Mkasi ukaacha mstari, ukaingia kifuani mwa koti shubiri nzima.

Shemeji alikuwa mlangoni.

"Loo! Harusi wiki ijayo, wewe umeanza kucheza leo?"

Kisha akauona mkasi. Kicheko kikamkauka. Milimita akainuka haraka ili akifiche kitambaa, chumba kikamzunguka, akaanguka na kopo. Vifungo vikatawanyika sakafuni. Mkewe akatoka mbio kwenye cherehani yake chumba cha nyuma. Akapiga magoti, akaokota kimoja cheupe karibu na uso wa mumewe, akakigeuza. Hakikuwa na matundu.

"Hiki cha nguo gani?"

Milimita akageuzia uso ukutani.

"Kitambaa ni kitambaa tu," shemeji akasema. "Inuka polepole."

Kesho yake walikaa kwenye benchi la kliniki.

"Nikisema, atanikataza mkasi," Milimita alinong'ona. "Mimi bila mkasi ni nani?"

"Mimi sitakusemea," mkewe akajibu. "Ila ukimdanganya, atakuwa anamtibu mtu mwingine, si wewe."

Wakaingia. Daktari akasikia habari za kukwama Jumatano na za kuanguka.

"Na dawa unakunywa vipi?"

"Kama ulivyoagiza." Jibu la siku zote. Lilitoka lenyewe.

"Basi hazikutoshi. Nakuongezea." Kalamu ikagusa karatasi.

Mkewe alitazama dirisha. Milimita aliitazama ile kalamu inavyokwenda.

"Usiongeze, daktari. Zinatosha. Ni mimi ninayezihamisha."

Akaeleza yote, hadi kopo. Daktari akaiweka kalamu chini, akamsikiliza hadi mwisho, akasema kukwama kule ni dawa kupungua na kucheza kule ni dawa kuzidi. Kisha akampangia upya: kiasi cha siku kilekile, kikigawanywa katika vidonge vidogo, mara nne, na saa ya kengele. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Akiona mabadiliko yoyote, aje aseme, asijipangie.

"Na mkasi?"

"Uweke kwanza. Tuonane baada ya wiki tatu."

"Kwanza mpaka lini?"

"Sijui, fundi. Nikikutajia siku nitakuwa nakudanganya."

Alhamisi iliyofuata shemeji alileta kitambaa kingine, cha rangi aliyoipata. Milimita akachora, mkewe akakata nyuma ya chaki yake.

"Umenila milimita mbili, bibie."

"Utanidai."

Kufika kifuani, chaki ikaanza kurukaruka. Chupa ya vidonge ilikuwa rafuni, hatua mbili tu.

"Saa ngapi?"

"Bado dakika ishirini kengele ilie."

Akaitazama rafu. Akaweka chaki chini, akaukalia mkono wake, akasubiri. Mkewe naye akaulaza mkasi mezani, ukiwa bado umeachama, akasubiri naye.