Mapanga Tisa

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, katika banda la ndege kongwe nje kidogo ya Upplands Väsby, Uswidi, pua yangu iliponasa harufu ya oili nzito iliyolala ndani ya chuma. Mzee mmoja alikuwa akizungusha rafadha kwa mkono, panga moja baada ya jingine, akihesabu. Binti yangu aliniuliza kwa Kiswidi kwa nini haiwashi injini tu. Mzee alipofika tisa, hasira niliyoibeba tangu nikiwa na miaka minane ilinirudia upya.

Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa ndege za mizigo Bukavu, Kongo. Injini zake zilikuwa za nyota: silinda tisa zimeuzunguka mhimili kama njiti za gurudumu la baiskeli. Nilikuja kusoma mwenyewe, katika vitabu vya maktaba ya Rinkeby, kwamba nyingi za mwanzo zilizunguka mwili mzima pamoja na rafadha na kumrushia rubani mafuta ya mbarika usoni. Baadaye waundaji wakaufunga mwili, wakaacha mhimili tu uzunguke. Nguvu ikaongezeka, lakini mafuta nayo yakapata pa kulala: injini ikisimama usiku kucha, huchuruzika hadi silinda za chini. Mafuta hayabanwi. Ukiwasha hivyo, pistoni huyagonga kama ukuta na fimbo yake hupinda.

Kwa hiyo kila asubuhi Papa alipitisha mapanga tisa kwa mkono kabla injini haijawashwa. Likigoma hata moja, alifungua plagi za chini na kuyamwaga mafuta. Mimi nilimpelekea chai na mihogo kabla ya shule, nikabaki kuhesabu kwa sauti. Aliniita kontrolea wake, yaani mkaguzi, na nikiruka namba alitishia kunikata mshahara.

Asubuhi moja bosi wake alikuja na shehena ya nyama iliyokwisha kuanza kutoa maji. Papa alishika panga la kwanza. Bosi akamwambia aache mchezo wa watoto. Papa akaomba dakika tano.

"Fundi, nyama inaoza. Achia hiyo, ama nitafute mwingine."

Papa akaachia. Rubani akawasha. Nikasikia mlio mmoja, kama nyundo juu ya reli, kisha kimya.

Kesho yake mkubwa wa kampuni alishuka kutoka Kinshasa, na suti yake, kutafuta aliyeharibu injini. Bosi alinishika bega, akanipa pakiti nzima ya biskuti, akamweleza mgeni kwamba mtoto huyu huhesabu kila siku na hajui kudanganya.

"Mama, sema kweli," mgeni akaniambia, akiniita kama wasichana wadogo waitwavyo kwetu. "Jana papa yako alihesabu ngapi?"

"Hakuhesabu."

Nilijivuna kwa jibu langu. Papa, hatua tatu kutoka nilipokuwa, alifungua mdomo. Bosi akamuuliza kama anataka kumwita binti yake mwongo. Papa akaufunga.

Biskuti nilizimaliza njiani. Jioni Papa alisema tu kwamba kontrolea wake hakukosea.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba swali lile lilikatwa kwa kipimo cha mtoto. Hakuna aliyeniuliza nani alimzuia. Bosi alichukua nusu ya ukweli akaiweka kinywani mwangu, kwa kuwa alijua Papa hangeibishia ikitoka hapo. Sijamsamehe, wala sitafuti namna ya kumsamehe.

Pale bandani injini ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikashika. Binti yangu alinung'unika kwamba dakika tano zote zile zimepotea bure. Nilimshika mkono nikamwambia bei ya dakika tano: kazi ya babu yake, na mishahara yake minne ya mwisho, iliyozuiwa kulipia fimbo iliyopinda. Dola mia mbili na themanini.