Sentensi Aliyoikataa Nyapara

Nyapara wa mjengo amekaa kwenye kiti cha studio kama anavyokaa juu ya rundo la matofali: miguu kaitanua, viganja magotini, saruji imeganda kwenye mikunjo ya vidole. Wiki ijayo madaktari watamtoa zoloto la kooni, na sauti yake itakwenda nalo. Leo anarekodi sentensi ambazo simu itamsemea baadaye. Kila akimaliza moja huinua kidevu, kana kwamba kuna fundi ghorofani ambaye bado hajaitikia. Kuongea taratibu hajui. "Baba, kipaza sauti kiko hapo hapo mdomoni," binti wa mitambo anamkumbusha. "Mtu wa karibu huwa simsemeshi, namtazama tu." Mkewe, aliyeketi pembeni, anaguna: "Shahidi ni mimi." Nyapara anasoma "Naomba maji." Anasoma "Fungua dirisha." "Samahani" anairudia kwa amri ya mkewe, ambaye anataka iwepo na ya akiba. Akifika kwenye "Nimechoka," anafumba mdomo.

"Hiyo sisemi."

"Utakuja kuihitaji, baba."

"Ikiwemo humo, iko siku mtu ataibonyeza kwa niaba yangu."

Binti wa mitambo anamtazama yule mama. Mama anatazama dari. "Basi tuweke nini mahali pake?"

Nyapara anakohoa mpaka macho yanalowa, anajifuta kwa kiganja. Halafu sauti ile iliyopasuka inatoka yote, mkewe anaruka kitini, na taa ya mtambo inawaka nyekundu kwa kuzidiwa na sauti:

"Nani kawaambia mshuke? Kazi haijaisha!"