Nyumba Niliyokataa Kuifuta

Ami yangu alikuja ofisini kwetu Jumatatu moja baada ya adhuhuri, akanitaka niiondoe nyumba ya bibi. Nyumba yenyewe ya mawe alikuwa ameshaiuza, na aliyeinunua alikuwa ameshaivunja. Iliyobaki ilikuwa ile niliyoijenga mimi ndani ya kompyuta, na hiyo nayo hakutaka kuiona.

Wakati huo kampuni yetu ilikuwa ya watu wawili na chumba kimoja cha ghorofani, Mji wa Kale wa Mombasa, chenye madirisha mawili yanayotazama uchochoro. Tulikuwa tukitengeneza jukwaa la michezo ya mtandaoni. Mtu mwenye simu ya kawaida angeweza kuingia humo, akajenga dunia yake, akaalika wenziwe na kucheza nao, yote kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa nikichora na kubuni. Mwenzangu aliandika programu. Yeye ni mtoto wa Buxton, wazazi wake walitoka Kaloleni, na tulijuana tukisoma chuo kilicho karibu na kwao. Yeye Mkristo, mimi binti wa Kiislamu, na watu walishatuuliza vya kutosha tunafanya nini pamoja chumba kimoja. Tulikuwa tunafanya kazi. Mlango ulikuwa wazi kutwa, aliyetaka kuhakikisha aliingia.

Chumba kilikuwa cha ami. Alitupa kwa wema, lazima niseme hivyo, kwa sababu marehemu baba alikuwa ndugu yake wa pekee wa kiume. Kuta zake zilikuwa nene hata mtandao haupiti, tukatundika kifaa cha intaneti nje ya dirisha ndani ya mkebe wa plastiki. Hewa ya chumvi ilikula skrubu za kompyuta zetu mpaka zikawa rangi ya mdalasini. Kila aliyetutembelea alituambia mambo haya hufanywa Nairobi. Mimi nilimwambia kila mmoja kwamba tuko hapa na hatwendi popote.

Lakini kazi yetu ya mwanzo haikuwa nzuri. Tulitengeneza misitu, mapanga, magari ya mashindano. Wanafunzi wa pale chuoni walicheza siku moja na hawakurudi. Msichana mmoja alinirudishia simu akasema, "Dada, hii nimeshaiona kwengine, na kule ni nzuri zaidi." Nilikasirika siku nzima. Jioni nilipotulia nilikubali kwamba amesema kweli.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alizaa watoto wanne: ami ndiye mkubwa, kisha shangazi yangu aliyeolewa Maskati, kisha baba, kisha shangazi mdogo, ambaye hajatoka Mombasa maisha yake yote. Sikujua kama nyumba imeuzwa. Nilijua asubuhi moja mama aliponipigia simu.

"Wameanza kutoa milango," alisema.

"Kina nani?"

"Mafundi. Nyumba ya bibiyo. Wahi, mwanangu."

Nilichukua futi ya fundi cherehani iliyokuwa karibu, kwa kuwa sikuona nyingine, nikakimbia. Msimamizi wa mafundi alinisikiliza, akajifuta jasho. "Ingia upime, dada," alisema, "lakini sisi hatungoji mtu." Basi siku mbili nilipima nyumba ile chumba baada ya chumba, nyundo zikinifuata nyuma. Nilipima daka la mbele, ule ukumbi wa mlangoni, na baraza zake za mawe. Nilipima ngazi, vidato vyote, maana hakuna viwili vilivyolingana. Nilipiga picha boriti za dari, zidaka, yaani vidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo bibi aliweka msahafu na vikombe vyake, na ukuta wa jikoni uliokuwa mweusi kwa moshi. Siku ya tatu nilipofika, ghorofa ya juu ilikuwa imelala uchochoroni na paka wanatembea juu yake.

Sikulia. Nilikwenda ofisini nikamwambia mwenzangu kwamba tunaacha misitu na mapanga.

Tuliijenga muda wa miezi mitatu. Mama alikuja mara kwa mara akakaa kando yangu na kunisahihisha. "Zidaka hizi zilikuwa saba, wewe umeweka sita." "Hapa palikuwa na ufa." Nikimwambia ufa hauna maana, alinitazama kama nimemtukana mtu. "Weka ufa," alisema, nami nikauweka. Mwenzangu, ambaye hakuwahi kuingia nyumba ile ilipokuwa imesimama, ndiye aliyetoa wazo lililotuokoa: kila kidaka kiweze kutunza sauti. Mtu aingie, apande ngazi, achague kidaka, aseme analotaka, na anayekuja baadaye asikie.

Tulipoifungua, jamaa walikuja kwanza. Walikutana humo Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wa Maskati, wa Lamu, wa Kibokoni, kila mmoja na kisanamu chake cha kuchorwa, wakitembea uani kama watu waliofika harusini mapema. Wakacheza kujificha katika vyumba walivyojificha utotoni. Halafu wakaja majirani, halafu watu tusiowajua kabisa. Na wakarudi. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kampuni, watu walirudi kesho yake.

Wiki ya pili shangazi wa Maskati alipanda ngazi, akasimama mbele ya kidaka cha chumba cha juu, akasema kwa sauti yake ya taratibu: "Nilizaliwa chumba hiki. Nyumba hii ilipouzwa, mimi sikuulizwa."

Maneno hayo tu. Niliyasikiliza mara tatu. Kumbe hakuulizwa! Sisi wote tulidhani ndugu walikaa wakakubaliana. Siku chache baadaye kila mtu uchochoroni alikuwa ameyasikia, na mtu mmoja alimchezea ami sauti hiyo kwenye simu nje ya msikiti, mbele ya wazee wenziwe.

Ndipo akaja ofisini. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Ile nyumba uifute," alisema.

"Salaam aleikum, ami."

"Waaleikum salaam. Uifute leo."

"Haiwezekani, ami."

"Huwezi au hutaki?"

Mwenzangu aliacha kuandika. Nilimtazama ami usoni, jambo ambalo sikulelewa kulifanya. "Sitaki," nikasema.

"Nimekulea mimi baada ya babako."

"Kweli, na sikusahau."

"Ndiyo haya malipo? Kuwaita watu wa dunia nzima waje wasikilize siri za nyumba yetu?"

"Shangazi kasema neno la kweli. Kama si kweli, panda ngazi, ami, kuna vidaka vitupu. Sema na wewe la kwako."

Nadhani hakutarajia hilo. Alishika fremu ya mlango, akakitazama chumba chake, meza zetu, mkebe wetu wa dirishani. "Basi mwisho wa mwezi nakitaka chumba changu," akasema, akashuka.

Nilijiona shujaa kwa muda wa dakika tano. Nilimgeukia mwenzangu nikitaraji atanipongeza. Alikuwa akikunja waya wa chaja na kuukunjua.

"Umetutoa ofisini," alisema.

"Ulitaka nikubali?"

"Sikusema hivyo. Nasema kampuni ni yetu wawili, umeamua peke yako na mimi nimekaa hapa hapa." Akanyanyua macho. "Mimi nami sikuulizwa, dada."

Nilikuwa nimemkasirikia ami kwa kosa ambalo nilikuwa nimelitenda papo hapo, mbele ya shahidi. Nilimwomba radhi. Si kwa maneno mengi. Nilimwambia nimekosa, na sasa namuuliza, na akisema tuifute nitaifuta kwa mkono wangu. Nilikuwa nikisema kweli. Alitoka akaenda akanywa chai. Aliporudi alisema, "Ibaki. Lakini mara nyingine uniulize kabla hujakuwa jasiri."

Ami hakuishia hapo. Aliita kikao cha ukoo nyumbani kwa shangazi mdogo, kwa sababu kwake ndiko kwenye sebule kubwa. Wanaume walikaa mbele, sisi wanawake upande wa ndani karibu na mlango wa jikoni. Ami alisema vizuri, yeye ni msemaji. Alieleza nyumba ilikuwa na nyufa, ingeweza kuua mtu, yeye ndiye mkubwa, amefanya lililobidi, na sasa mtoto wa nduguye anamvunjia heshima kwa mchezo wa simu. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mmoja alinigeukia akaniambia niombe radhi na niifute, mambo yaishe.

Nilisimama. "Kama nimemkosea ami kwa maneno, naomba radhi," nilisema. "Nyumba sifuti. Haikugharimu mtu hata tofali moja, haiwezi kumwangukia mtu yeyote, na waliomo ndani wameingia kwa hiari yao. Mkitaka kunitenga, nitengeni. Siifuti."

"Huyu anasemea watu walio mbali," ami akasema. "Yuko wapi hapa mwanamke atakayesema mbele yangu kwamba hakuulizwa?"

Shangazi mdogo alikuwa anakuja na sinia la kahawa. Miaka yote niliyomjua sijamsikia akisema kikaoni. Akileta kahawa huondoka. Siku hiyo aliliweka sinia chini, katikati ya mkeka, akasimama wima.

"Mimi," alisema. "Mimi niko hapa, kaka. Sikuulizwa. Nilikwenda kumwagia maji mti wa asmini wa mama nikakuta mlango hauna kitasa."

Hakuna aliyeitia kahawa mkono. Mzee aliyeniambia niombe radhi alijitia kutafuta viatu vyake. Kikao kilivunjika bila fatiha, na mimi nikaenda jikoni nikamkumbatia shangazi, nikamkuta anacheka na machozi yanamtoka, mikono imemganda kama mtu aliyeshika barafu.

Mwisho wa mwezi tulihama. Mwenzangu alikwenda sokoni Marikiti akazungumza na wachukuzi wawili, wakaja na mkokoteni wao ambao asubuhi ulibeba maembe na viazi. Tulipanga kompyuta juu ya magunia, tukazifunika shuka, tukausindikiza kwa miguu mpaka Buxton. Njiani watu walituuliza tunauza nini. Mwenzangu aliwajibu, "Majumba!" Mama yake alitupa sebule yake. Alihamisha kochi moja barazani na kutuwekea sharti moja tu, kwamba saa ya taarifa ya habari tumpishe.

Katika sebule ile ndimo kampuni ilimokuwa kampuni. Watu walituandikia, si kuomba mapanga. Mmoja wa Likoni alitaka shule yake ya msingi kama ilivyokuwa kabla ya kupakwa rangi mpya. Kikundi cha wanawake wa Makupa kilitaka uwanja wa kuchezea wao peke yao, mwanamume asiingie hata kwa bahati mbaya, na tukawajengea. Tulitengeneza vifaa ili mtu ajenge mwenyewe bila kutungoja, na hapo ndipo jukwaa lilipoanza kukua kwa kasi tusiyoizoea. Walikuja wageni wawili wenye mtaji, wakakaa kwenye lile kochi la barazani, wakasifu kila kitu. Kisha wakashauri tutumie Kiingereza, tuongeze simba na tembo, na vidaka vya sauti viondolewe kwa kuwa vinaleta ugomvi. Nilimtazama mwenzangu. Safari hii nilimuuliza kwanza, pale pale, mbele yao.

"Unaonaje?"

"Naona wamemaliza chai," alisema.

Tukawasindikiza mpaka barabarani. Hatujatajirika. Sasa tuko watu sita na tuna chumba chetu hapo hapo Buxton, chenye kuta nyembamba na mtandao mzuri. Seva ikianguka huanguka, tunaiinua. Nyumba ya bibi iko palepale, na ufa wake. Mahali pa ile ya mawe pamejengwa maduka ya vioo ambayo mimi siyapendi, lakini mjukuu wa shangazi mdogo hununua huko simu zake na sikumkataza.

Ami ana vidaka vitupu vinamngoja. Hajaingia, au ameingia kwa jina jingine, sijui na sichunguzi. Mji wa Kale ni mdogo, na hatukosi kukutana. Zamani nilipomwona mbele nilikuwa nikivuka upande wa pili nisimtie aibu. Nimeacha. Aibu si yangu. Nampitia karibu, naweka mkono kifuani, namsalimu kwa sauti ya kusikika mpaka dukani. Kuitikia salamu ni wajibu, na ami ni mtu wa dini. Naiona midomo yake ikitikisika kuniitikia. Nami nanyanyua kichwa nikapita njia ile ile, katikati.