Muuguzi Aliyebeba Siri Mbili

Wodini walimwita Sista Taratibu, maana hata mlango aliufunga kama anayeogopa kuuumiza. Kazi yake ilikuwa kuuguza wasiopona: kuwatuliza maumivu, kuwageuza wasipate vidonda vya kulala, kukaa nao wakati maneno yamekwisha. Alijiona amezoea, mpaka alipoletwa mama mmoja mshonaji.

Saratani ilikuwa imemkondesha hadi pete ikamtoka kidoleni, lakini utani haukumwisha. Sista akimpimia morfini, dawa ya maumivu, mama husema, “Ongeza bwana, unanipimia kama muuza manukato!”

Mume wake, fundi rangi, alimvuta Sista pembeni koridoni. “Nakuomba, usimwambie kwamba hakuna tiba. Atakata tamaa.”

“Akiniuliza sitamdanganya, baba.”

Mshonaji hakuuliza. Siku moja akiogeshwa alisema mwenyewe, “Mwanangu, mimi ni wa kuondoka, najua. Ila mzee asijue kwamba najua. Moyo wake mwepesi yule.”

Basi Sista akabaki katikati, huku na huku wamemfunga mdomo. Mume akija, wanapanga kupaka sebule rangi, wanabishana kijani au njano, wanacheka. Akitoka, mke anageukia ukutani. Mume naye analia kwenye ngazi.

Kuna siku alileta viatu vipya, vya kurudia nyumbani. Miguu ya mkewe ilikuwa imevimba. Sista alisukuma kisigino polepole mpaka kikaingia.

“Vimenikaa sawasawa,” mke akasema, akitabasamu.

Mume alipoondoka, Sista akashindwa kuvumilia. “Mama, mwambie. Mnateseka kila mtu kivyake.”

Mshonaji akasema, “Haya. Kesho akija, ukae nasi.”

Alfajiri akakata roho.

Mume alifika na chupa ya chai mkononi. Sista alimpokea mlangoni, akamshika mikono, akamwambia. Mzee alilia mpaka sauti ikakauka, ndipo akauliza, “Alikuwa anajua?”

“Alijua, baba. Alikuwa anakuficha wewe. Leo alitaka kukuambia.”

Yule mzee akajishusha kwenye ukingo wa kitanda, akaushika mkono wa mkewe. “Kumbe tungelia wote,” akasema.

Sista akafunga mlango taratibu. Alikaa naye bega kwa bega mpaka machela ikaja.

Jioni nyumbani, mume wa Sista alimuuliza habari za kazi. “Nzuri,” akajibu kwa mazoea. Halafu akaketi sakafuni jikoni, akaanza kumsimulia.