Kilo Themanini za Merv Tregenza

Merv Tregenza alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa Wallaroo, mji mdogo wa bandari kusini mwa Australia, na iliyobaki alimwekea jirani yake, Kelvin Schulz. Kosa la Kelvin lilikuwa moja tu: kupakua. Gemu zake zote za video alizinunua mtandaoni, akazipakua kwenye mashine, basi. Sebuleni kwake hukuti hata kisanduku kimoja cha diski. Merv akienda huko kunywa bia, alitazama ile rafu tupu yenye kimmea cha kaktasi cha plastiki tu, akasonya.

"Ukifa, Kelvin, mkeo atarithi nini? Neno la siri?"

"Atarithi nafasi, bwana. Wako atarithi vumbi."

Vumbi! Merv alirudi nyumbani anafoka peke yake njia nzima. Mtu asiye na kitu ana ubavu gani wa kumsema mwenye kitu? Yeye alikuwa na diski mia tano themanini na tatu, zimepangwa kwa alfabeti, kila moja ndani ya kisanduku chake na kijitabu chake. Siku duka moja la mtandaoni lilipofuta gemu ambayo Kelvin alikwisha kuilipia, Merv alicheka wiki nzima. Alimsimulia mwoka mikate, akamsimulia daktari wa meno huku ameachama kinywa. Diski unaishika, alisema, diski haifutwi na kijana aliyekaa ofisini Marekani.

Na hapo alikuwa na haki, tusimwonee. Ila karibu nusu ya diski hizo hazijawahi kutoka kwenye nailoni zake. Zilikuwa za kumilikiwa, si za kuchezwa, na ukimuuliza sababu alikutazama kama mtu uliyeomba kulalia shuka zake za harusi.

Kazi yake ya maisha ilikuwa mizani. Miaka thelathini na minne alipima malori ya ngano kwenye maghala ya bandarini, na huko nako alidharau. Mkulima akizidisha mzigo kidogo tu, Merv alimrudisha mbele ya foleni nzima, huku akimwuliza kama shule alikwenda au alipita nje tu. Wakulima walimchukia. Yeye aliona hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Mkewe, Glenys, muuguzi wa nyumba ya wazee, alimngoja. Fungate yao ilikuwa iwe Esperance, ng'ambo ya nyika ya Nullarbor, kwenye bahari ambayo Glenys aliiona kwenye kalenda ya kinyozi wa mama yake. Gari likafia Ceduna, wakarudi kwa basi. Merv akaahidi mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata kukawa na mavuno, na mwingine mavuno, na mwingine mgongo. Glenys aliacha kuuliza, lakini hakuacha kungoja. Merv alipostaafu, ni Glenys aliyelipia karavani, ile nyumba ya kuvutwa na gari, kwa kiinua mgongo chake mwenyewe, na akasema kwa upole uliomtisha Merv, "Aprili hii, Merv. Mimi na wewe, kabla magoti yangu hayajakataa."

Kelvin na mkewe Lorna wakasema watakwenda nao, karavani mbili, redio za upepo kwenye magari za kuzungumziana njiani.

Ugomvi ulianza pale Merv alipopakia diski zote.

"Zote?" akauliza Glenys.

"Nianze kumchagua nani?"

"Baba we, si uzipakue hizo unazozipenda? Kelvin zake zimo kwenye kidude kinaingia mfuko wa shati."

"Na tukifika Nullarbor, nitapakua kwa nini? Kwa mkia wa kangaruu? Huko hakuna mtandao, mama. Huko ndiko wajinga wanakojulikana."

Basi wakaipeleka karavani kwenye mizani ya maghalani, ufunguo wakiwa nao bado rafiki zake wa kazi. Matangi mawili ya maji yamejaa, vitu vyote ndani. Ikazidi uzito unaoruhusiwa kwa kilo mia moja na kumi na mbili. Merv alijua vizuri kuliko mtu yeyote maana yake: breki hazitashika, na bima haitalipa. Glenys hakubisha. Alishusha cherehani yake. Akashusha chungu cha chuma cha mama yake, akashusha kiti chake cha kukunja na sanduku la vitabu. Bado kilo themanini.

"Hebu nenda katuletee pai," Merv akamwambia. "Hapa namalizia mimi."

Alipoondoka, Merv alitambaa chini ya karavani akafungua kizibo cha tangi la pili. Lita themanini zikamwagika kwenye makapi ya ngano. Glenys aliporudi na pai mbili za moto alikuta mizani imekubali, na mumewe anajifuta mikono.

"Umetoa nini?"

"Vyuma vyuma tu vya jeki."

Wallahi, mtu huyu! Na si mara moja. Walipofika Ceduna, mahali pa mwisho pa kujaza maji kabla ya nyika, Glenys alishika mpira wa maji, Merv akamnyang'anya eti magoti yake yasichoke. Akajaza tangi moja. Matangi mawili, alimwambia, pomoni. Glenys akamshukuru.

Siku ya tatu walipiga kambi kwenye nyika, mchana, joto nyuzi thelathini na tisa, hakuna mti wa kufunga hata kamba. Lorna aliumwa kichwa, wakakubaliana kukaa siku mbili. Glenys, akijua tangi la pili lipo, alifua shuka, akaosha nywele zake na za Lorna, akawa anaimba. Merv alimsikia akiimba, akajitia kufuta vumbi kwenye visanduku vyake.

Kelvin alikuja na bia mbili. "Haya, tajiri wa diski. Mimi huku sina mtandao, mashine yangu imegoma mpaka iombe ruhusa kwa wenye duka. Tuonyeshe."

Saa ya Merv hiyo! Akachana nailoni ya gemu aliyoitunza miaka mitano, akatia diski kwenye mashine, akaegemea. Kioo kikaandika: unganisha mtandao, upakue sehemu iliyobaki. Kelvin alicheka mpaka bia ikamtokea puani.

"Hiyo umenunua kifuniko, Merv! Chungu wanacho wenyewe!"

Merv akatia ya pili. Jibu lilelile. Masikio yakamwiva. Ya tatu ilikuwa kuukuu, ya kuvua samaki, ya enzi zile diski ilipokuwa diski, na hiyo ikafunguka bila kuuliza mtu. Merv akaruka kitini.

"Unaona! Unaona, we mpangaji wa gemu za watu! Nani yuko kwake sasa?"

Ndipo wakasikia pampu ya maji inakohoa. Glenys alikuwa jikoni, bomba wazi, birika mkononi. Akaifunga swichi ya tangi la kwanza, akafungua ya pili. Pampu ikakohoa kikavu.

"Merv, hili tangi limevuja."

"Mawe ya njiani hayo," Merv akadakia upesi. "Yatakuwa yamelitoboa."

Kelvin, mtu wa msaada, akajilaza chini na tochi. Alikaa huko kitambo. Alipotoka hakumtazama Merv, alimtazama Glenys.

"Tangi ni zima, dada. Kizibo kimekazwa vizuri. Na vumbi lililokishika ni kavu, halijaonja maji tangu tuondoke."

Glenys aliweka birika chini. Akageuza macho kwenye makasha ya diski yaliyopangwa mpaka dari, pale kiti chake kilipokuwa kikae. Ilionekana anapiga hesabu, na haikuchukua muda.

"Ulimwaga nilipokwenda kununua pai."

Merv alitoa diski ya samaki, akairudisha kwenye kisanduku chake.

"Ningekujazia mbele," akasema. "Kituo kinachofuata cha mafuta."

"Vituo vya huku haviuzi maji ya tangi, Merv. Wewe mwenyewe ulinisomea kwenye ramani. Nilitoa cherehani. Nilitoa chungu cha mama. Ungeniambia tu nichague, ningekuambia na mimi nibaki, usafiri na hivyo visanduku vyako kwa raha."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichukua mkoba wake na dawa za magoti, akaenda kukaa kiti cha nyuma cha gari la Kelvin, nywele bado mbichi. Lorna aliamka na kichwa chake, akasikia, akamsonya Merv msonyo mrefu ambao hata Merv mwenyewe, bingwa wa kusonya, hajapata kuutoa. Wakaamua kuondoka saa ileile. Kelvin alimshushia Merv dumu la maji la lita ishirini.

"Kunywa polepole," akamwambia. Hakucheka sasa.

Merv alifungasha peke yake, akawafuata umbali wa kilomita moja. Redioni aliwasikia wanaongea: Lorna anauliza Esperance wapange kambi wapi, Glenys anasema karibu kabisa na maji, awe anayasikia akilala. Walizungumzia mchanga, wakazungumzia samaki wa kukaanga. Merv alishikilia kitufe, akasafisha koo.

"Glenys? Glenys, unanisikia?"

Redio ikakwaruza. Akadhani ni nyika, akadhani ni umbali, akainua mkono kubonyeza tena.

"Nakusikia vizuri, Merv," sauti ya Glenys ikasema. "Tuachie njia, tunazungumza."

Akaurudisha mkono kwenye usukani.