Kiuno cha Nguzo

Tindo alikuwa mtu wa kubishana na mawe, na siku jiwe likimshinda, nyumbani hapakaliki. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, maana chuma chake cha kuchongea alitembea nacho mfukoni hata akienda harusini. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi wa wembe, alizoea kusema kwamba yeye ameolewa na vumbi, na vumbi halijui kupiga hodi.

Sasa akapata kazi ya kumtoa jasho. Ghala la zamani lilikuwa linageuzwa ukumbi wa maonyesho, na katikati yake ilisimama nguzo nene ya mawe iliyobeba boriti ya ghorofa. Huko juu ndiko mkewe na wenzake walikokuwa wakishonea. Msanifu wa jengo, mwanamke kijana asiyependa maneno mengi, hakutaka sanamu iletwe na kuegeshwa pembeni kama mgeni asiyepewa kiti. Alitaka nguzo yenyewe ichongwe.

"Jengo liseme, sanamu ijibu," alimwambia. "Lakini mzee wangu, isilifokee."

Tindo akachora nguzo iliyosokotwa katikati, kama shuka linalokamuliwa maji. Msanifu akaupenda mchoro, akaweka na masharti yake. Washonaji wahame kwa muda. Boriti ishikiliwe na vyuma mpaka kazi iishe. Kisha akatoboa vitundu kuizunguka nguzo, na mwisho wa kila kitundu akadondosha rangi nyekundu.

"Ukichonga ukakuta wekundu, umefika. Kuanzia hapo kwenda ndani ni jiwe langu, ndilo linalobeba watu. Usiliguse."

"Nimekuelewa, Msanifu."

Haya. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mikunjo ikatoka mmoja baada ya mwingine, hata wabeba mchanga wakawa wanatua ndoo zao watazame. Kasheshe ikaja kiunoni, pale msokoto unapobana. Wekundu ulichomoza mapema mno. Tindo akarudi nyuma, akatazama, akachukia. Shuka gani hilo? Lilikuwa gunia lililofungwa kamba. Alilizunguka siku nzima akilinung'unikia. Mazungumzo gani haya, aliuliza, ambayo jengo linasema peke yake?

"Kidole kimoja tu," akajiambia.

Akagonga. Wekundu ukaruka pamoja na vumbi. Akagonga tena, na tena, na mkono ukakataa kusimama, kwa sababu kila alipogonga kiuno kilizidi kuwa hai. Alipokuja kuweka nyundo chini, kidole kimoja kilikuwa kimekuwa kiganja kizima. Na kazi ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Hajapata kuchonga kitu kama kile maishani mwake. Aliketi sakafuni akalia kwa furaha, na hapohapo hofu ikamshika. Akalitafuta kopo la rangi, akachovya ncha ya msumari, akadondosha nukta nyekundu mpya kuzunguka kiuno chote.

Siku ya ukaguzi Msanifu alikuja na tochi. Tindo alisimama nyuma yake. Msanifu akainama, akagusa nukta ya kwanza, akagusa ya pili. Kamba ya kupimia alikuwa nayo mkononi, lakini hakuikunjua.

"Umeishia pale nilipokuambia," akasema. "Ahsante, mzee wangu. Wengine wangenidanganya."

Akaamuru vyuma viondolewe. Vikalegezwa kimoja kimoja, na kila kimoja kilipotoka Tindo alihisi mzigo unamshukia yeye shingoni. Hakuna kilicholia. Washonaji waliokuwa wakingoja mlangoni wakaanza kupanda na cherehani zao.

"Shemeji," mmoja akamtania, "jiwe umelikamua, mbona maji hatuyaoni?"

Wakacheka, naye akacheka nao, cheko la meno matupu. Wakapita. Juu zikaanza kusikika meza zikiburutwa, na uzi mwembamba wa vumbi ukashuka kutoka pale boriti inapokalia nguzo. Tindo akauona. Akauangalia tu.

Mkewe alikuwa wa mwisho. Akasimama mbele ya kiuno kile, akakiwekea kiganja.

"Baba watoto," akasema, na sauti haikuwa na utani hata chembe, "leo umenifunga mdomo." Akaiweka vizuri cherehani begani, akakanyaga ngazi ya kwanza.

"Usipande."

"Una nini wewe?"

"Usipande, nakuomba. Nimepita wekundu. Huo unaouona nimeupaka mimi."

Msanifu alikuwa karibu, akasikia. Hakumkaripia. Aliwageukia wenye vyuma akawaambia warudishe vyote, upesi, na mtu asikimbie. Mkewe Tindo alikwishaitua cherehani. Tindo alimshika mkono, lakini mkewe akajinasua, akapanda kuwaita wenzake.

Chini vyuma vikakazwa. Washonaji wakateremka polepole, mmoja nyuma ya mwenzake, na mkewe akawa wa mwisho kushuka. Ndipo Msanifu alipokunjua kamba yake, akapima, akafumba macho kidogo.

"Kiuno kitazibwa kwa zege," akasema.

Tindo akaitikia kwa kichwa. Alidhani neno hilo litamuua, lakini halikumuua. Alikuwa anamtazama mkewe, ambaye bado alikuwa anahema, na alitaka kumwambia jinsi alivyoogopa kumpoteza.

"Wenzangu walipita hapa mbele yako," mkewe akasema. "Wamekutania, umecheka nao. Ulikuwa unajua."

"Mke wangu..."

"Wao hukuwaita."

Mkewe akaiokota cherehani yake, akatoka nje walikokuwa wenzake, akaketi nao.